Kinyundo Agonga Boti ya Daktari wa Meno

Kama una kitu unachokipenda, kifiche Kinyundo asikione. Nasema hivi kwa wema tu. Mzee huyu hana dogo: mwonyeshe kiti kipya, atakigeuza miguu juu atafute misumari, mpe tikitimaji, ataligonga mara tatu, atatikisa kichwa na kukuambia ulirudishe sokoni. Na ubaya wake, jamani, huwa hakosei. Lile tikiti ukilipasua nyumbani kwa ukaidi, utakuta katikati yake pana uwazi wa kuingiza ngumi.

Watu humlipa kwa tabia hiyohiyo inayowaudhi ndugu zake. Kazi yake ni kukagua boti zilizotumika kabla hazijanunuliwa. Mnunuzi akiona boti inang'aa, mapazia safi, injini imepigwa brashi, na moyo wake umeshaanza kumwenda mbio, ndipo humwita yeye. Naye huja na begi la turubai, tochi ya kichwani, bisibisi, patasi, na nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki ngumu, ndogo kiasi kwamba mgeni hudhani ni ya kuchezea watoto. Hufumba macho akaanza kugonga, kutoka omo, yaani mbele kabisa, mpaka shetri kule nyuma. Palipo pazima hulia tok. Palipooza ndani hulia dup. Kati ya tok na dup kuna sauti nyingine kama saba hivi, ambazo anazisikia yeye peke yake, na akishazisikia huandika ripoti kwa kalamu nyekundu, kurasa nane au tisa, bila kumwonea mtu haya.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kutengeneza, miaka kumi na tano, katika karakana ya boti iliyokuwa na sheria moja ya ajabu. Kila fundi aliyeziba mahali alitakiwa kuchora alama yake na tarehe kwenye kijikaratasi, akizamishe kwenye gundi ya faiba pamoja na tabaka la mwisho, kisha ndipo apake rangi. Gundi ikikauka, karatasi inabaki humo kama iko nyuma ya kioo. Mwenye karakana alitaka siku boti ikirudi inavuja, ajue mara moja wa kuvutwa masikio ni nani. Kinyundo alikuwa akichora nyundo. Mwenzake wa meza ya pili, fundi mmoja mpole aliyekuwa akipima ubao mara nne kabla ya kuukata mara moja, alikuwa akichora gamba la kobe, maana Kinyundo ndiye aliyembandika jina la Kobe, na jina likamganda. "Kobe, umemaliza?" "Bado." "Kobe, tutazeeka!" "Tangulia." Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao kwa miaka kumi na tano.

Kinyundo alipoacha karakana na kugeuka mkaguzi, alisema amechoka kusafisha uchafu wa watu. Akaondoka na majivuno yake: karatasi yenye nyundo haijawahi kurudi karakana hata moja. Maneno hayo aliyasema kwenye harusi, msibani, na kwenye foleni ya benki.

Sasa, mtu wa namna hii ukiwa jirani yake utacheka. Ukiwa mwanawe, hucheki sana. Binti yake alikuwa mmoja tu, na tangu utotoni kila alichokileta nyumbani kiligongwa. Viatu vya shule viligongwa visigino. Baiskeli ilivuliwa mnyororo mbele ya wenzake. Hata mchumba wake alipokuja kujitambulisha, mzee alisalimia vizuri, akaomba radhi, akatoka nje, na baada ya dakika kumi akarudi na habari kwamba mlango wa nyuma wa gari la kijana uliwahi kugongwa ukanyooshwa na kupakwa rangi upya. Maskini kijana wa watu alikuwa hajui. Alikuwa ameuziwa hivyohivyo. Jioni nzima akawa anatazama dirishani kuangalia gari lake, na wazazi wake waliokuja naye hawakujua wacheke au wanune.

Kwa hiyo binti huyo, ambaye sasa ana miaka thelathini, ana watoto wawili na anafundisha watu kuogelea, alipopata boti aliyoipenda, alikaa nayo kimya wiki tatu. Ilikuwa boti ya familia, ya kulala watu watano, yenye jiko dogo la mafiga mawili, yaani sehemu mbili za kupikia, choo cha kujibana, na paa la turubai juu ya usukani. Alikuwa ameitamani boti ya namna hiyo tangu akiwa msichana. Mumewe alikubali kwa sharti moja: baba aikague. Sharti la haki, lakini lilimkaa kooni.

Asubuhi ya ukaguzi, ndani ya gari, alilitoa.

"Baba, nisikilize kabla hatujafika."

"Nakusikiliza. Breki zako zinalia."

"Achana na breki. Nataka kukuambia jambo. Hii ni mara ya mwisho. Kama boti hii ni mbovu kweli, sema, nitakushukuru. Lakini ukianza habari za kitasa na bawaba na rangi ya choo, mpaka niichukie kama ulivyonifanya niichukie baiskeli yangu, basi sitakuita tena kwenye jambo langu lolote. Wajukuu utawaona sikukuu. Sina ugomvi na wewe. Nimechoka tu."

Kinyundo alifungua mdomo, akaufunga. Ni jambo la nadra, nalitaja ili mjue lilivyomwingia. Wajukuu wale wawili ndio walikuwa Jumamosi yake. Alitazama barabara mpaka walipofika, na breki zililia mara sita bila yeye kusema neno.

Boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu, kwenye uwanja wenye uzio wa waya, imeegemezwa juu ya magogo, na ngazi ya mbao imewekwa ubavuni. Mwenye nayo, daktari wa meno mstaafu, mrefu, mwenye mikono misafi kupita kiasi, aliwapokea na kiti cha kukunja mkononi. Alikuwa nayo kwa miaka sita, alisema, na anaiuza kwa sababu magoti yake yamegoma kupanda ngazi. Kabla yake walikuwa nayo watu wengine, na kabla yao wengine. Ameipaka nyeupe mwenyewe. Alipoiona ile nyundo, alifurahi kama mtoto.

"Unagonga? Hata mimi nilikuwa nagonga! Jino bovu halijifichi."

"Lenyewe haliwezi," Kinyundo akasema. "Mwenye jino ndiye anayelificha."

"Baba," binti akasema.

"Natania tu."

Akaanza kazi. Na hapa lazima niseme ukweli: pamoja na karaha zake zote, mzee huyu akiwa ndani ya boti ni raha kumtazama. Hakimbilii nyundo. Kwanza aliingia chumbani peke yake, akafunga mlango, akasimama gizani akinusa. Kisha akafungua kila droo, kila kabati, akapitisha kidole chini ya kila dirisha kisha akakionja. Alilala chali chini ya meza kuona kilichoandikwa upande wa chini. Alitaka kujua kila kitu. Kwa nini vikombe vinne na kulabu tano? Nani alibandika samaki wa karatasi juu ya kitanda cha pembeni, na kwa nini samaki mmoja ana miguu? Daktari hakujua. Walikuwepo alipoinunua.

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba cha nyuma alikuta mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake. Watoto walikuwa wamepimwa hapo urefu, mwaka baada ya mwaka. Wawili kwanza, halafu, mwandiko ukabadilika, watatu wengine.

"Njoo uone," alimwita binti yake, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. "Huyu aliota ghafla kama mgomba. Tazama, mwaka mmoja tu! Na huyu mdogo wao amesimamia vidole, mstari umepinda, wamemkamata wakafuta."

Binti alicheka. Hakukumbuka lini mara ya mwisho baba yake alimwita aone kitu kisichokuwa na kasoro. Alisogea, wakawa wanasoma tarehe pamoja, mabega yamegusana, na kwa dakika chache alijisemea moyoni kwamba labda leo itakuwa siku njema.

Mzee naye alikuwa anajikaza kisabuni. Bawaba ya kabati ilikuwa imelegea, akaimeza. Bomba la sinki lilikuwa limefungwa kwa kamba ya viatu. Akameza na hiyo, ingawa ilimshuka kwa shida. Akagonga omo, tok tok tok. Akagonga ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, chini ya jiko, chini ya choo. Tok, tok. Alianza kutabasamu akiwa amefumba macho. Boti ilikuwa nzima, nzima kuliko boti nyingi changa alizowahi kuzikataa, na alikuwa ameshaanza kutunga kichwani ripoti ya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Hajawahi kuandika kitu kama hicho maishani.

Kisha akainua godoro la kitanda cha nyuma, akafungua kifuniko, akashuka kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa ambako maji ya boti hujikusanya na ambako injini hukaa. Injini ilikuwa imelala juu ya mataruma mawili, yaani miti minene inayokwenda kwa urefu wa boti, iliyofunikwa faiba na kupakwa rangi ya kijivu. Akagonga taruma la kulia: tok. Akagonga la kushoto.

Dup.

Akagonga tena. Dup. Akasogea kiganja kimoja. Dup, dup. Binti yake, aliyekuwa amechuchumaa juu ya shimo akimmulikia, aliona bega la baba yake likikaza.

"Nini?"

"Hamna kitu," Kinyundo akasema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini kwa miaka kumi na minane. Haukudumu hata nusu dakika. "Kipo. Samahani, mama. Kipo. Sio bawaba wala kitasa. Ningekuwa naweza kunyamaza ningenyamaza."

Binti aliketi tu kwenye sakafu, tochi mkononi. Daktari, kutoka kwenye kiti chake nje, aliuliza kuna nini, akaelezwa, akaombwa ruhusa ya kukata dirisha dogo kwenye faiba.

"Kata," akasema. "Sijawahi kumwachia mgonjwa jino bovu kwa sababu ya woga. Kata nione."

Patasi ikaingia. Kipande cha faiba chenye ukubwa wa kiganja kikatoka, na nyuma yake mti ulikuwa mweusi, umelowa, unakatika kwa kidole kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na hapo, ndugu zangu, Kinyundo alisahau ahadi, akasahau Jumamosi zake, akasahau kila kitu. Ulimi ulimfunguka.

"Tazama kazi hii! Tazama! Mtu huyu alifunika mti mbichi! Hakungoja ukauke! Siku mbili tu angengoja, siku mbili, akaona taabu. Amelipua! Watoto wamelala hapa juu, injini inatingishika hapa chini, taruma likikatika injini inapasua ubavu, maji yanaingia kabla hujavaa viatu. Nani huyu mpuuzi? Huyu alitakiwa anyang'anywe msumeno apewe ufagio! Ningempata leo, ningemvuta masikio yote mawili mpaka..."

Huku akisema, alikuwa anakwangua rangi ya kijivu kwenye kile kipande kwa kucha ya kidole gumba, kwa mazoea tu, kuona matabaka mangapi. Rangi ikabanduka. Chini ya rangi, ndani ya gundi, palikuwa na kijikaratasi kilichogeuka rangi ya chai. Na juu ya kijikaratasi, nyundo.

Nyundo ndogo, mpini umeinama kulia. Tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita.

"Mpaka nini, Baba?" binti akauliza kutoka juu, kwa uchovu.

Mzee alikigeuza kile kipande, akasoma tarehe tena. Alikumbuka yote kwa mara moja: boti ya buluu wakati ule, na jina jingine ubavuni, boti za umbo lile zilikuwa tele, asingeweza kuijua. Ijumaa, saa sita mchana. Mwenye boti alikuwa akiitaka Jumatatu. Mti ulikuwa bado una unyevu. Aliuwekea kiganja akaujua kabisa una unyevu. Akatazama saa. Akafunika.

Kipande kilikuwa mkononi mwake, amewapa wengine kisogo, na mfuko wa shati ulikuwa wazi. Akakitia mfukoni. Nawaambia kama ilivyokuwa, sitampaka mafuta. Mtu aliyewaaibisha mafundi wa mji mzima kwa kalamu nyekundu alikitia mfukoni.

Angeweza kutoka hapo. Angesema boti mbovu, basi, twende nyumbani. Asingekuwa amedanganya. Binti angekasirika, lakini angekasirikia baba yuleyule wa siku zote, na karatasi ingeishia jikoni kwenye moto. Kilichomzuia si wema, kwanza. Ni ule udadisi wake usio na dawa. Kwa sababu taruma hili lilikuwa limekufa zamani. Mti kama huu hauwezi kubeba injini hata mwaka mmoja, sembuse miaka kumi na tisa. Mistari ya penseli mlangoni ilikuwa na tarehe. Watoto watano walikuwa wamekua juu ya uozo huu, wakashuka salama wakaenda zao. Sasa boti ilikuwa imesimamia nini?

"Nipe tochi," akasema.

Akalala kifudifudi, akapenyeza mkono nyuma ya taruma, upande wa ubavu wa boti ambako jicho halifiki kirahisi. Vidole vyake vikakutana na kitu. Akakipapasa mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na mti mwingine huko, umelazwa sambamba na ule wake, umefungwa kwa boliti nene, pembe zake zimelainishwa kwa msasa mahali ambapo hakuna binadamu atakayewahi kupaona. Akaugonga.

Tok. Tok safi, ya mti uliokauka kabla ya kufunikwa.

Mzee alibaki pale kifudifudi, shavu kwenye chuma cha injini. Hakuhitaji karatasi, lakini aliitafuta, akakwangua rangi akiitafuta, mpaka akaipata. Gamba la kobe. Tarehe ilikuwa ya Jumapili, siku mbili baada ya nyundo. Karakana ilifungwa Jumapili. Mtu alikuja siku yake ya mapumziko, akafungua mlango kwa ufunguo wa kuazima, akapima mara nne, akafunga boliti, akapaka rangi, akaondoka. Jumatatu hakusema kitu. "Kobe, umemaliza?" "Bado." Miaka mingine yote hakusema kitu.

Kinyundo alijitoa kwenye shimo polepole, akaketi ukingoni, miguu inaning'inia. Akatoa kile kipande mfukoni akamwekea binti yake mapajani.

"Huyo mpuuzi niliyekuwa namtukana," akasema. "Ni mimi."

Binti aliitambua nyundo. Alikuwa ameiona utotoni kwenye madaftari, kwenye ukuta wa jikoni, kwenye mpini wa mwavuli.

"Wewe hufuniki mti mbichi."

"Nilifunika huo mmoja."

"Kwa nini?"

Mzee alifuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono haikuwa inahitaji kufutwa tena. "Soma tarehe."

Akasoma. Haikumwambia kitu. Akahesabu mwaka kwa vidole, akajikuta darasa la tano, akauona mwezi, kisha uso wake ukabadilika.

"Mashindano ya shule," akasema taratibu. "Ya kuogelea."

"Yalianza saa saba. Boti ilitakiwa Jumatatu. Ningeutoa mti ule nitafute mkavu, ningekukosa."

"Ulikuja." Alikuwa anaongea kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Ulikuja na suruali ina gundi mpaka magotini. Wasichana wenzangu wakacheka. Nilikuonea haya, Baba. Siku zote nilifikiri hukujali hata kubadili nguo."

"Sikuwa na muda wa kubadili. Nilikimbia."

"Nikawa wa nne."

"Ukawa wa nne."

"Na njia nzima ya kurudi ukanieleza kwamba mkono wangu wa kushoto unachelewa kutoka majini."

"Ulikuwa unachelewa," Kinyundo akasema. Hakuweza kujizuia, Mungu amsamehe. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Lakini nilifurahi. Nilifurahi hata nikapiga kelele, mtu wa mbele yangu akageuka. Sijui kwa nini sikukuambia hilo, nikakuambia la mkono. Nikiona kitu ninachokipenda naogopa kitavunjika, basi naanza kukigonga."

Binti alijaribu kucheka ikatoka nusu kilio. Akajifuta kwa mkono wa shati. Nje, daktari wa meno, ambaye masikio yake hayakuwa na matatizo kama magoti, alikuwa amenyamaza kwa adabu, sasa akakohoa.

"Samahani kuingilia," akasema. "Mgonjwa atapona?"

"Atapona," Kinyundo akajibu. "Taruma lililooza litolewe, liwekwe jipya, mti mkavu. Hili la pili, aliloliongeza Kobe nyuma yake kwa siri, halina neno. Litatuzika sote."

"Basi mti mpya nitaununua mimi. Nimelala juu ya uozo huo miaka sita, nina deni na huyo mungu wa mabaharia."

Kinyundo akavuta begi lake, akatoa kalamu nyekundu na karatasi, kama ilivyo desturi. Binti akamnyang'anya kalamu, taratibu tu, akaifunga kifuniko.

"Sitaki ripoti. Naichukua boti. Ninachotaka ni wewe uitengeneze."

"Mimi niliacha kutengeneza."

"Najua. Na mimi nilisema nitaacha kukuita. Kesho Jumamosi. Watoto watashika tochi, nami nitashika ubao. Na hatufuniki kitu mpaka mti ukauke, hata tukingoja mwezi."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Namba ya Kobe unayo?" binti akauliza.

Alikuwa nayo. Hawakuwa wameongea kwa miaka, si kwa ugomvi, kila mtu na mambo yake. Akapiga, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu, kama wazee wote, hakuwahi kujua kuiondoa. Simu iliita mara nyingi sana. Ikapokewa.

"Kobe, ni mimi."

"Nani?"

"Kinyundo."

"Ah."

"Niko ndani ya boti. Ile iliyokuwa ya buluu. Siku hizi ni nyeupe."

Upande wa pili pakasikika kiti kikivutwa na mtu akiketi. "Umeifungua."

"Nimeifungua. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungebisha mpaka Jumatano, na boti inaondoka Jumatatu." Sauti ilikuwa ileile, haina haraka ya kwenda popote. "Tena ulikuwa na sababu. Ulikuwa umeniambia ya mtoto. Nikasema moyoni, acha aende, mti nitauangalia mimi."

Kinyundo alifungua mdomo, akaufunga. Mara ya pili siku hiyo.

"Lakini ngoja kwanza," Kobe akaendelea. "Miaka kumi na tisa? Na nyundo mkononi? Imekuchukua miaka kumi na tisa kuigonga mara moja? Halafu mimi ndiye mnaniita Kobe!"

Binti alipasuka kicheko akashika tumbo. Daktari alicheka huko nje. Kinyundo naye alicheka, akicheka anafuta macho, akasema asante. Kobe akasema ya nini asante, ni ubao tu.

"Eti, kuna kitu nilitaka kukuuliza tangu wakati ule," Kobe akasema. "Jumatatu nilikuuliza, ukanijibu habari za mkono wa kushoto, sikuelewa kitu. Yule mtoto. Aliogelea vipi?"

Kinyundo alimtazama binti yake, aliyekuwa ameketi sakafuni miguu ameikunja, kile kipande bado mapajani, vumbi la kijivu kwenye pua.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana, ndugu yangu. Alikuwa wa nne."